Kupanda ndeke ku Luano, uwanja wa ndeke wa Lubumbashi: ukimbilie mulongo ao uikale ungoje? Tulinganishe

Mbele ya kushindana nani atakuwa wa kwanza ku mulango, angalia karti yako ya kupandia. Iko na namba ya kiti? Kama iko nayo, ile kiti haiende fasi. Hata ukiingia wa mwisho kabisa utaikuta pale, na kama kuko mutu ameikala juu yake utamuambia tu "papa, unisamehe, hapa ni kwangu", ataangalia karti yake, atasimama, imeisha. Basi shi tunakimbilia nini?

Miye naona mulongo inakupa kitu moja tu, ni fasi ya valizi mu kabati ya juu. Ile fasi haina namba wala jina, mwenye anafika mbele njo anaikamata. Kwa hiyo ukiniuliza kusimama mapema ao kungoja, kiti ya dirisha ao ya njia, mulango ya mbele ao ya nyuma, nitakuuliza kwanza: uko na valizi gani mukononi? Kisha tutaongea. Batu bengi banafanyaka kinyume, banachagua kampuni, banachagua kiti, banasukumana mu mulongo, na valizi banaikumbuka pale inakatala kuingia mu kabati na batu makumi tatu banangoja nyuma yao.

Kusimama wa kwanza, ao kungoja mulongo iishe

Tuanze na benye banasimamaka. Mikro haijasema neno, mutumikaji wa kampuni amesogea tu karibu na mulango, batu bote juu, valizi mbele, karti mu meno. Faida iko, tusidanganyane. Ukiingia mbele unakuta makabati wazi, unaweka valizi juu ya kichwa yako mwenyewe na si mistari kumi nyuma, unafunga mukaba, hakuna mutu anakupitia na sakado ku uso. Na ukifika Kinshasa na uko na haraka, ile valizi ya juu ya kichwa inakusaidia sana, juu mwenye valizi yake ilibakia nyuma anangoja ndeke nzima ipite njo arudie kuitafuta, ao anajaribu kupita kinyume ya batu na hapo kelele inaanza.

Hasara sasa. Unasimama ku mulango, unasimama tena inje ku jua ao mu mvua ya Januari, kisha unaikala mu ndeke yenye klima haijaamka vizuri, na rubani hataruka mbele ya saa juu weye uliwahi.

Kuko tena kitu moja batu bengi habaiangalie: munaenda ku ndeke kwa miguu ao na bisi? Hii inabadilisha hesabu yote. Kama munatembea juu ya tarmaki, mulongo ya ku mulango njo ile ile ya ku ngazi, mwenye alitoka wa kwanza anapanda wa kwanza. Lakini kama ni bisi, mulongo inakufa pale pale. Batu ba kwanza banaingia mpaka ndani, banapata hata kiti, banafurahi, ba mwisho banabanana karibu na milango, bisi inasimama mbele ya ndeke, milango inafunguka, na nani anashuka mbele? Ba mwisho. Mutu alisimama nusu saa mbele ya bote na bisi imemugeuza mukia. Basi ukichungulia ku dirisha ukaona bisi inangoja inje, usijisumbue, ingia kati-kati ao nyuma, shika ile chuma ya karibu na mulango, na ubakie pale.

Kungoja ni raha kwa mutu mwenye iko na sakoshi tu, ao sakado ndogo yenye inaingia chini ya kiti ya mbele. Huyo hana kitu ya kushindania. Aikale, achaji simu yake, anywe maji, asimame wakati mulongo imebakia batu kumi na tano hivi. Ila kungoja haiko kupotea. Makampuni mingi inafunga mulango ya kupandia dakika 15 ao 20 mbele ya kuruka, na ile saa kubwa yenye iko ku biye ni saa ya kuruka, si ya kupanda, batu banachanganyaka hizi mbili kila siku. Ungoje fasi unaona mulongo kwa macho, si kule ku kahawa, si mu choo na telefone. Na bageni benye banatoka Kinshasa: Lubumbashi iko mbele yenu kwa saa nzima moja. Simu inajigeuza yenyewe ikipata rezo, saa ya mukono hapana, itakuambia bado uko na wakati na ndeke iko inafunga mulango.

Kitu yenye inageuza haya yote ni kiti bila namba. Mu mandeke ndogo ya ndani ya inchi kunakuwaka safari zenye unaikala fasi unakuta. Hata Marekani ilikuwaka vile, kampuni ya Southwest ilipandisha batu bila namba za viti zaidi ya miaka 50, na mu mwaka 2024 njo ilitangaza kama itaacha. Kama yako ni hiyo, basi mulongo inakupa vitu mbili, valizi na kiti, na pale simama mapema bila haya. Kama muko babili na munataka kuikala pamoja, zaidi sana.

Kama kiti iko na namba na muzigo ni mudogo, miye nangoja. Kama kiti iko na namba na valizi ni ya magurudumu, simama, lakini si wa kwanza, ukiwa mu nusu ya mbele ya mulongo inatosha, kabati hazijaya bado.

Valizi ya mukononi ao ya chini

Hapa njo fasi yenye pesa na jasho iko, tuikale hapa kidogo.

Ya mukononi inakupa hivi: unatoka na yako, haungoje mukaba ya mizigo izunguke, haibakie Addis wakati weye umefika. Ya chini inakupa mikono huru, unapanda ngazi sawa mutu mwenye anaenda kusalimia jirani, mutoto mu mukono moja, karti mu ingine, na kabati ikiyaa ao isiyae haikuhusu.

Lakini kilo njo zinaamua, si roho yako. Mu ekonomi, Ethiopian inakubali kilo 7 mukononi. Kenya Airways inakubali kilo 12. Basi mama mwenye anaenda Dubai kupitia Addis na mwenzake mwenye anapitia Nairobi, hata kama valizi zao balizinunua duka moja, hesabu si moja. Na valizi ya magurudumu ikiwa tupu tayari inakula karibu kilo 2 na nusu ao 3. Ku kilo 7 unabakia na kilo 4, ni laptop na sharjeri, viatu jozi moja, na nguo mbili tatu, imeisha. Ku kilo 12 unabakia na kilo 9, ile ni safari ya wiki nzima. Kwa hiyo kwa kampuni ya kilo 7 chukua sakado ya kitambaa, haifiki kilo moja na inakunjika mu kabati yenye imeyaa nusu. Kwa kampuni ya kilo 12 magurudumu iko sawa. Kama biye yako iko na makampuni mbili, moja mpaka Nairobi ao Johannesburg na ingine kutoka pale, fuata ile ya kilo kidogo, juu ule wa pili hatakuuliza kama ule wa kwanza alikubali.

Kupima ni rahisi na batu habafanye: simama ku mizani ya nyumbani bila valizi, kisha na valizi, utoshe moja mu ingine. Ile dakika moja inakuepusha kufungua valizi chini mbele ya kaunta na kuvaa makoti mbili juu ya moja.

Kisha kuko vitu yenye tunatumaka kwa bandugu. Vinkubala ya kukauka, karanga ya kukaanga, samaki ya kukauka, ile ni vitu kavu, ku usalama inapita (kule unafika ni sheria ingine, duani ya inchi za watu inaweza kukuuliza maulizo, na mambo ya nyama ao vyakula inakatazwa mu inchi mingi). Lakini mawese, buki, karanga ya kusaga yenye imekuwa pâte, pilipili ya mafuta ya mama, ile yote inahesabiwa sawa maji. Ku safari ya inje chupa haipite mililita 100, na zote ziingie mu kafuko kamoja kenye kuonekana ndani ka litre moja. Ile sheria ilitoka mu 2006, juu polisi ya Uingereza ilikuwa imevunja mupango wa kulipua mandeke kwa vitu ya maji yenye ingefichwa mu machupa ya kinywaji. Buki ya litre yenye unataka kupeleka mukononi itabakia ku meza ya usalama, na utaililia. Itie chini, ndani ya mafuko mbili, katikati ya nguo zenye hauzipende sana.

Kinyume kabisa ni pawabanki. Ile haiende chini hata siku moja, inaenda mukononi. Juu betri ya lithiamu ikiwaka moto mu tumbo ya ndeke hakuna mutu wa kuizima, ikiwaka kati ya batu batumikaji banaiona. Kipimo ni watt-saa 100, zaidi ya pale mpaka 160 unaomba ruhusa ya kampuni, zaidi ya 160 hapana. Hesabu yake: ile ya mAh 20,000 iko karibu watt-saa 74, inapita. Ya mAh 27,000 iko pale pale ku mupaka. Zile kubwa za mAh 50,000 zenye banauza, usijisumbue nazo. Na siku hizi makampuni yamekaza zaidi, Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inakubali pawabanki moja tu kwa mutu na haikubali kuitumia ndani ya ndeke. Kwa hiyo usiiweke mu kabati ya juu, iweke mu sakoshi yenye iko ku miguu.

Sasa unganisha hizi mbili na utaona mutego. Valizi yako ya mukononi, kama kabati zimeyaa ao ndeke ni ndogo, batakuomba ku mulango ao chini ya ngazi, batatia tikiti na kuipeleka chini. Ni bure mara mingi, si vibaya. Lakini ndani kuko pawabanki, kuko pasporo, kuko dawa ya presha, kuko falanga. Pale batu banaanza kupekua juu ya tarmaki na upepo inabeba makaratasi. Mwenye akili anatia vile vitu mu kasakoshi kadogo ndani ya valizi tangu nyumbani, wakiomba anakavuta tu kamoja, anatoa valizi, anapanda.

Dirisha, katikati, ao njia

Kwa kuikala kila mutu na mapenzi yake. Dirisha: hakuna mutu anakuamusha, unaona migodi na barabara ya Likasi kutoka juu kama mawingu inakubali. Njia: unaenda choo bila kuomba, unasimama mbele wakifika. Katikati: ni kiti ya mwenye alichelewa kuchagua. Mu ndeke sawa Boeing 737-800, ile yenye Air Congo ilianza nayo kuruka Desemba 2024, viti ni tatu-tatu, kwa hiyo mutu mumoja ku tatu atakuwa pale kati. Mu Embraer E190 viti ni mbili-mbili, kati haipo, na ile peke yake kwa safari ya Johannesburg mutu anaweza kuichagulia kampuni.

Lakini kwa kupanda, dirisha na njia haziko sawa. Mutu wa njia akiingia mbele, ataikala, atafunga mukaba, kisha ule wa dirisha atafika na yeye atasimama tena, ule wa katikati atafika na atasimama mara ya pili, na kila mara wakati huo mulongo nzima imefungwa. Kwa hiyo mwenye kiti ya njia kukimbilia mulongo anajisumbua na anasumbua. Wa dirisha akitangulia kila mutu anapona.

Hii si maneno ya kijiwe tu. Mwanafizikia wa Marekani Jason Steffen aliandika juu yake mu 2008, kisha bakajaribu na batu 72 benye mizigo, mu ndeke ya mufano ya Boeing 757 yenye mistari 12. Makundi ya mistari, sawa yenye makampuni inapendaka kuita, ilichukua dakika 6 na sekunde 54. Mustari kwa mustari kutoka nyuma, dakika 6 na sekunde 11. Bila mupangilio wowote, kila mutu na bahati yake, dakika 4 na sekunde 44. Soma tena ile ya mwisho: fujo ilishinda mupango! Dirisha kwanza, kisha katikati, kisha njia, dakika 4 na sekunde 13. Na ya kwake mwenyewe, yenye ni dirisha kwanza lakini ikiruka mustari moja moja ili kila mutu apate fasi ya kunyoosha mikono, dakika 3 na sekunde 36.

Sababu ni moja: ukiita batu ba nyuma bote pamoja, bote banajikusanya mu kipande kimoja cha njia, mumoja anapandisha valizi, kumi nyuma yake banamuangalia. Ukibatawanya, kumi banapandisha valizi kwa dakika moja. United ya Marekani ilirudia ile ya dirisha-katikati-njia mu Oktoba 2023. Ile ya Steffen yenyewe ni ngumu kuitia mu maisha, juu ingetenganisha bibi na bwana, mama na mutoto, na tena makampuni inauza fasi ya kupanda mbele, habataacha ile pesa.

Weye huwezi kubadilisha vile kampuni inaita batu, lakini sehemu yako unaiweza: ukiwa wa dirisha usikawie sana, ukiwa wa njia ngoja kidogo, na ukifika ku mustari wako ingia ndani ya viti kwanza, acha njia wazi, tosha koti na vitu yako ukiwa pale ndani. Karti, lunete, esikuta ya masikio, maji, vitabu ya mutoto, vitie mu mufuko mudogo tangu chumba ya kungojea. Mutu mwenye anafungua valizi yake mu njia ya ndeke kutafuta esikuta, huyo njo anachelewesha safari, si rubani.

Na kitu moja ya kiti yenye batu banaisahau. Mustari wa mbele kabisa na ule wa mulango ya hatari, miguu inanyooka vizuri, batu banalipia hata zaidi. Lakini pale hakuna kiti ya mbele ya kutia sakado chini yake, ao haikubaliwe, vitu yote inaenda juu wakati wa kuruka na kushuka. Kwa hiyo mwenye alichagua ile kiti juu ya raha, njo mutu mumoja mwenye anapashwa kupanda mapema hata kama iko na sakoshi tu. Ule wa kawaida wa mustari wa 19 na sakado ku miguu anaingia wa mwisho anacheka.

Mbele ao nyuma

Ikiwa banatia ngazi mbili, hii ni rahisi: namba ya mustari njo inaamua. Mu ndeke ya mistari makumi tatu hivi, mpaka kumi na tano panda mbele, kupita pale panda nyuma, hata kama ngazi ya mbele njo iko karibu na mulongo yake ni mufupi. Mwenye mustari 27 akiingia mbele atapita katikati ya batu bote benye banaweka mizigo, na mwenye mustari 4 akiingia nyuma anakutana naye uso kwa uso, na pale hakuna mwenye kurudi nyuma. Ukiwa chini, uliza tu: "mama, 22 ni wapi?" Batakuonyesha.

Ndeke za ATR zenye mapanga, mulango ya basafiri iko nyuma na mizigo inaingiaka mbele, kwa hiyo pale kiti ya mbele inageuka ya mbali, utapita ndeke nzima. Mwenye anataka kutoka haraka mu ATR achukue kiti ya nyuma. Mu 737 ao A320, kama munashukia ngazi moja, mbele. Zaidi ya pale, mbele inakusaidia kama kuko mulongo ya DGM (ba uhamiaji, benye banaangalia pasporo) inakungoja ao ndeke ingine ya kuunganisha, nyuma mara mingi inabakia na viti tupu kama safari haijayaa. Imeisha, hakuna siri ingine.

Batoto na ba nkambo

Makampuni mingi inaita benye batoto badogo mbele ya bote. Bazazi banakimbilia, lakini angalia vizuri: ukiingia na mutoto wa miaka tatu dakika makumi tatu mbele ya kuruka, umemufunga dakika makumi tatu zaidi, na ataanza kulia mbele ya safari kuanza. Ukiingia wa mwisho, amechoka kukimbia mu chumba ya kungojea, lakini kabati zimeyaa na mifuko ya mutoto ni mingi. Kama muko babili, gawaneni: papa anaitika wakiita familia, anaenda na mizigo yote, anapanga, mama anabakia na mutoto mpaka mulongo inaisha. Pasporo na karti kila mutu abakie na yake mukononi, na ya mutoto iwe kwa mwenye iko na mutoto. Kama uko peke yako na batoto babili, ingia mbele, uombe mutumikaji akupandishie valizi, ile si haya.

Nkambo mwenye miguu inauma ni mambo ingine, na hapa chagua neno vizuri siku ya kununua biye. Mu lugha ya makampuni kuko alama tatu. WCHR ni kwa mutu mwenye anahitaji kiti ya magurudumu juu ya umbali, lakini ngazi anapanda. WCHS ni mwenye hawezi ngazi. WCHC ni mwenye hawezi hata kutembea mpaka ku kiti ndani. Bandugu banasema tu "tuombe kiti ya magurudumu", banaandikiwa WCHR, na nkambo anafikishwa chini ya ngazi ya ndeke, banamuambia "haya, panda". Kwa fasi yenye munapandia ngazi ile tofauti ya herufi moja njo kila kitu. Omba siku mbili mbele kwa uchache, na uulize wazi kama batampandisha na mashini ao na batu.

Ku telefone ao ku kaunta

Fanya ku telefone kama kampuni inakubali, kwa sababu moja: unachagua kiti ukiwa nyumbani badala ya kupewa ile ya katikati. Usifikiri itakuokolea mulongo yote, kwa safari ya inje batakuomba pasporo, viza, na karti ya chanjo ya homa ya manjano, na mwenye muzigo ya chini anaenda ku kaunta vile vile. Kaunta ya safari za inje mingi inafungwa dakika 60 mbele ya kuruka. Ulizia tena mapema kama Go-Pass (ile taksi ya uwanja wa ndeke) iko ndani ya biye ao unailipa, ni vibaya kutafuta falanga ya Go-Pass wakati jina yako inaitwa.

Sasa nani achague nini

Mutu wa kazi, anaenda Kinshasa asubuhi anarudia kesho yake: sakado, kiti ya njia ya mbele, angoje mulongo iishe, asitie kitu chini.

Mwanafunzi anaenda kusoma inje kwa mara ya kwanza, na mama yake amemufungia nyumba nzima: yote chini, kila kilo yenye biye inakubali. Mukononi abakie na laptop, makaratasi ya shule, nguo ya siku moja kama valizi itabakia njiani, na dirisha.

Mama mwenye anaenda Guangzhou ao Dubai kufata bidhaa: wakati wa kuenda valizi ni tupu, basi asishindane na mutu, atie valizi moja ndani ya ingine, zote chini, apande na sakoshi. Wakati wa kurudia njo vita, kilo zimeyaa, mukononi iko nzito, na ndeke ya Addis kuja Lubumbashi iko na bamama bengine na hesabu ile ile. Ule siku asimame mapema, achague dirisha ya mbele siku ya kununua biye, na mufuko wa mukononi uwe wa kitambaa, si wa magurudumu, juu wakianza kupima na kile chuma cha kipimo ku mulango, kitambaa inajikunja na plastiki hapana.